Mkono Juu ya Mkono wa Bibi

Mimi si Muirani. Kura ya Wairani hainihusu ndewe wala sikio, na wenzangu waliniambia hivyo hivyo. Lakini mpaka leo nikimwona yule bwana anaingia mlangoni na mfuko wake wa matunda, "Salaam dada, mama ameamkaje?" damu hunichemka hadi masikioni. Namjibu, kwa sababu nala kwake. Moyoni namwambia mengine ambayo mama yangu hakunifundisha.

Kazi yangu ni kumwangalia mama yake, hapa Abu Hamour. Mimi ni mtu wa Mombasa, nilisomea kulea wazee na wagonjwa, nikaja Doha kwa mkataba kama wengine. Bibi ni mjane wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa pwani ya kusini ya Iran, aliyeletwa huku na mumewe mfanyabiashara enzi ambazo, anavyosema mwenyewe, Doha nzima ungeizunguka kwa miguu na ukarudi kabla wali haujaiva. Namwita Bibi kwa Kiswahili, naye amelizoea. Yeye huniita binti, na akikasirika huniita punda. Tunaongea Kiarabu cha huku cha kuokoteza, na Kifarsi kidogo alichonifundisha kwa kunigombeza.

Bibi ana ugonjwa wa kutetemeka. Mkono wa kulia ndio umezidiwa. Kijiko kikitoka kwenye sahani kimejaa, kikifika mdomoni kimebaki na punje mbili. Hapendi kulishwa. Siku ya kwanza nilipojaribu kumlisha, alifunga mdomo akaniangalia hivi, nikakirudisha kijiko mezani pole pole. Toka hapo tukaelewana.

Sasa, mwaka ule Iran walikuwa wanachagua rais. Runinga ya chumbani kwa Bibi haikuzimwa. Watu wanabishana, Bibi naye anabishana nao, anawatupia mto. Nikimkanda vidole, ananieleza sheria za kwao. Kwao, mtu akitimiza miaka kumi na minane anapiga kura, awe mwanamume awe mwanamke. Kuna wakati hata umri huo ulikuwa chini zaidi. Aliye nje ya nchi naye hupiga, lakini ya rais tu. Na karatasi yao haina picha za kutia alama kama yetu Kenya. Ina nafasi tupu, na wewe mpiga kura unaliandika jina la unayemtaka kwa mkono wako.

"Na mwanamke anaweza kuwa rais?" nikamwuliza.

Alicheka mpaka akakohoa. "Kila mara wanajiandikisha kugombea, binti. Kila mara orodha ikitoka ni ndevu tupu. Bungeni wamo wanawake, lakini kiti kile, aa-aa. Kuchagua, karibu. Kuchaguliwa, kaa hapo kwanza."

"Sasa kura yenyewe unaipendea nini?"

Hapo akaacha kucheka, akanihadithia. Wanawake wa Iran walipopewa haki ya kupiga kura mara ya kwanza, yeye alikuwa msichana tu, na mama yake alipiga vigelegele jikoni redio ilipotangaza. Alipofika umri wake akavaa nguo mpya. Kufika kituoni, ami yake akawapanga wanawake wote wa nyumba ukutani, akachukua karatasi zao, akaandika yeye, akawarudishia wakatumbukize. Bibi alikuwa anajua kusoma na kuandika. Alikitumbukiza kile kikaratasi cha mtu mwingine huku machozi yanamtoka, na shangazi zake wakidhani analia kwa furaha. Toka siku hiyo aliapa hakuna mwanamume atakayemwandikia tena. Mumewe aliishi naye maisha yote asijue hata mara moja alimpigia nani. Akimwuliza, anamjibu, "Niliyempenda."

Ndiyo maana mkono ule wa kutetemeka ulikuwa unamkosesha raha. Hakuwa anaogopa kufa wala kuanguka bafuni. Alikuwa anaogopa Ijumaa ya kura kufika na mkono usimtii.

Basi nikaingia kazini. Kalamu nyembamba hawezi kuishika, nikatafuta nene, nikaizungushia bandeji mpaka ikajaa kiganja. Nikamwagia unga wa mchele kwenye sinia, akawa anaandika kwa kidole kwanza, jina la mtu wake wa kumpigia kura, herufi kubwa kubwa. Kifarsi huandikwa kwa herufi za Kiarabu, nami hizo nilizisoma chuo cha Kurani Mombasa kwa mikwaju ya maalimu, kwa hiyo nilikuwa namfuata. Akikosea ananiambia punda, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika. Halafu tukahamia kwenye karatasi. Tuligundua jambo ambalo kila anayemlea mgonjwa wa aina hii analijua: dawa ikishakolea, kuna kipindi mkono unatulia. Hakidumu. Ukikiwahi, Bibi anaandika jina lote, lisomeke, likae kwenye mstari. Ukichelewa, umekwisha. Siku aliyoandika bila kukwama alinivuta shingo akanibusu paji la uso kwa nguvu, nikaona nyota.

Ijumaa ni siku yangu ya mapumziko. Huwa naenda Al Rayyan, kwenye chumba cha wasichana wa Kenya, tunapika pilau, tunasengenya kwa lugha yetu mpaka mbavu zinauma. Nilipowaambia Ijumaa ile siji, nampeleka Bibi kupiga kura, mmoja wa Nairobi, mlinzi wa hoteli, akaangua kicheko.

"Wee! Unapigania kura ya wenyewe? Na yako ulipiga lini?"

Lo, hapo alinigusa. Sisi Wakenya tulipowekewa kituo hapa Doha, pasipoti yangu ilikuwa imekaliwa na bosi niliyemfanyia kazi kabla ya hawa. Wenzangu walienda, wakarudi wamepiga picha za kidole. Mimi siku hiyo nilikuwa napiga pasi. "Ndiyo maana, shoga," nikamwambia, naye akaniongezea kachumbari.

Mwana wa Bibi ana duka Al Sadd, anauza mabomba, masinki, na vigae vya bafuni. Mtu mzuri wa sura, mpole wa sauti, mfukoni hakosi peremende za kumpa mama yake. Mgombea wake na wa Bibi walikuwa mbalimbali. Kila akija chakula cha mchana walikuwa wanarushiana maneno mpaka wali unapoa, yeye anasema mtu wake ataifungulia nchi biashara, Bibi anasema mtu huyo hata nyanya hanunui kwake. Mimi niliyaona ni ya mama na mwana. Kwetu pia watu hugombana hivyo na jioni wanakunywa uji pamoja.

Bibi alikuwa amepanga kwenda na jirani, mwalimu mstaafu, Muirani mwenzake, mwanamke wa kuendesha gari lake mwenyewe kwa fujo. Mwana akasikia. Akanifuata jikoni, akaegemea friji.

"Dada," akasema, "watu wataniona vipi? Mama yangu apelekwe na jirani, na mimi nipo hai? Anakusikiliza wewe kuliko mimi. Mwambie nitampeleka mimi. Nitakuwa dereva tu. Hata pale anapoandikia sitasogea."

Akaweka mkono kifuani, akaapa kwa roho ya marehemu baba yake. Tena akanisifu. Ati madaktari wote wa mji huu hawajamfanyia mama yake nililomfanyia mimi na sinia la unga. Alinivisha kilemba cha ukoka, nami nikakirekebisha vizuri kichwani nikajiona. Akauliza ile dawa inafanyaje kazi. Anywe saa ngapi? Ikolee baada ya muda gani? Mkono utulie muda gani? Maswali mazuri kweli, ya mtoto anayemjali mama. Nikamweleza yote. Nikamwambia tusichelewe popote, tukitoka nyumbani tuwe tunaelekea kituoni moja kwa moja.

"Moja kwa moja," akasema, akanipa mkono.

Nilipomwambia Bibi, akaniuliza, "Wewe unamwamini?"

"Namwamini, Bibi. Ameapa."

"Mimi namjua toka tumboni. Nakuuliza wewe."

"Nakuahidi, Bibi. Utaandika mwenyewe."

Akachukua simu akamwambia mwalimu asije. Kwa neno langu, si kwa kiapo cha mwanawe.

Ijumaa ikafika. Nilimwogesha mapema, nikamchana nywele, akataka mtandio wa maua. Nikampa dawa kwa saa niliyoipigia hesabu. Mwana akaja amenyoa, ananukia, akambeba mama yake mwenyewe hadi kwenye gari, kiti chake cha magurudumu akakitia nyuma. Jua la huku kiangazi si la kusimuliwa, lakini ndani ya gari kulikuwa baridi na Bibi alikuwa anaimba taratibu. Kalamu ilikuwa kwenye pochi yangu. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya paja, umetulia kabisa. Nilifurahi kama ninayekwenda kupiga mimi.

Kisha gari likakata kona ya Al Sadd.

"Dakika moja tu," akasema. "Kuna kitu dukani."

"Bwana, dawa," nikamwambia.

"Dakika moja, dada."

Aliegesha mbele ya duka lake, akaacha gari linanguruma, akaingia. Duka limefungwa Ijumaa asubuhi, hakuna mteja wala mfanyakazi. Kioo ni kikubwa, ndani naona kila kitu. Nilimwona anakaa kwenye kiti, nyuma ya masinki yaliyopangwa, anaangalia simu. Haongei na mtu. Hatafuti kitu. Amekaa tu. Nikapiga honi kwa kunyoosha mkono katikati ya viti. Akainua kiganja, ngoja, bila kuinua kichwa. Bibi akaacha kuimba. Akatazama mkono wake, nami nikautazama. Kidole gumba kikaanza.

Aliporudi hakuwa na kitu mkononi. "Samahani, samahani," akasema kwa sauti ya kuomba kweli samahani. Sikuweza kumpa dawa nyingine juu ya ile, ingemwangusha. Nilimshika mkono nikaukanda njia nzima, nikimwambia utatulia, Bibi, utatulia. Nilikuwa nasema uongo, na mkono ulikuwa unanijua.

Kituoni foleni ilikuwa ya wastani, wanaume kwa wanawake, familia zimevaa vizuri kama sikukuu. Walipoona kiti cha magurudumu wakatupisha mbele kwa heshima zote. Karani mmoja, kijana mwenye adabu, akakagua kitambulisho cha Bibi, akamchovya kidole wino, akampa karatasi. Nikatoa kalamu yangu ya bandeji nikampa Bibi. Karani akaniuliza kwa Kiarabu kama mimi ni mpiga kura. Nikasema hapana. Akaniomba nisimame nyuma ya kamba. Sheria ni sheria, sina ugomvi naye.

Hapa lazima niwaeleze kitu kuhusu Wairani, la sivyo hamtaelewa kwa nini Bibi, yule Bibi anayeirushia runinga mto, alifanya alivyofanya. Wana desturi wanaiita taarofu. Ni adabu juu ya adabu. Mwenye duka anakwambia chukua bure, nawe unakataa, anasisitiza, unakataa, hatimaye unalipa. Mbele ya watu huwezi kumkatalia mtu wema wake kwa ukali. Na mtoto wako ndiyo kabisa: ukimwaibisha mbele ya wageni, umejivua nguo wewe. Bibi alilelewa hivyo. Nyumbani anaweza kukuita punda kwa sababu nyumbani ni kwake. Nje, anatabasamu hata akikanyagwa kidole.

Mwanawe analijua hilo kuliko mtu yeyote duniani.

Alipiga magoti kando ya kiti, pale mbele ya kila mtu, akasema kwa sauti laini lakini ya kusikika: "Mama jan, mama yangu mpenzi, mkono umekuchosha, nikusaidie." Bibi akasema hapana mwanangu, usijisumbue. Mwana akasema si usumbufu, ni heshima kwangu. Bibi akasema hapana, roho yangu, naweza. Mwana akasema nife mimi kabla sijakuona unahangaika. Nyuma yetu mwanamke mmoja akasema mashallah, mtoto wa namna hii yuko wapi siku hizi. Mzee mwingine akapangusa macho.

Nikapaza sauti nyuma ya kamba: "Anaweza mwenyewe! Mpeni nafasi kidogo tu!"

Mwana akageuka, akanitabasamia, akawaambia watu kitu kwa Kifarsi. Wakacheka kwa upole, kama mnavyomcheka mtu wa nyumbani akizidisha mapenzi. Mzee wa machozi akanipungia mkono nitulie.

Bibi akaiweka kalamu kwenye karatasi. Mkono ulikuwa unapiga meza kama ulimi wa kengele. Aliandika herufi ya kwanza, niliiona, ilikuwa ya mtu wake. Mwana akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama yake. Akaufunika wote. Vidole vya Bibi vikapotea ndani. Akaandika. Ile herufi aliiburuza, akaigeuza, akaifanya kuwa mwanzo wa jina lingine, kisha akaendelea, mstari mzuri ulionyooka, na mkono wa mama yake ukiwa ndani ya wake kama kitambaa cha kushikia sufuria. Bibi alikuwa anatabasamu. Watu wote waliokuwepo wanaweza kuapa kwamba yule mama alitabasamu mwanzo mpaka mwisho. Mwana akakunja karatasi, akamsaidia kuitumbukiza, akambusu mkono. Watu wakapiga makofi.

Mungu ananijua, ningekuwa karibu ningempiga na pochi.

Nyumbani, Bibi alininyooshea kile kidole chenye wino. "Osha."

Nikaosha kwa sabuni. Ukafifia, haukutoka. "Osha," akasema tena. Nikaleta limau, nikaleta jiwe la kusugulia miguu. Ngozi ikawa nyekundu, akasema niendelee. Niliacha mwenyewe, akavuta mkono akageukia ukutani.

Mwana nilimkuta jikoni anakunywa maji. Sikuchagua maneno. Nikamwambia, "Uliapa kwa roho ya baba yako. Mimi nilikupa siri ya dawa umsaidie mama, wewe ukaenda kukaa dukani uisubiri iishe."

Alinitazama kwa mshangao, kweli kweli, kama niliyemsingizia wizi. "Dada, umechoka. Nilipitia hesabu zangu dakika mbili. Ulitaka mama aharibu karatasi mbele ya watu? Nimemhifadhia heshima yake." Akaweka glasi. "Na nikuulize, kura ya kwetu wewe inakuwasha nini? Mama ameridhika. Twende tumwulize."

Akanitangulia hadi chumbani. "Mama jan, umeniridhia?"

Bibi hakugeuka kutoka ukutani. "Wewe ni taji la kichwa changu," akasema.

Akanitazama kama anayesema, unaona? Akaenda zake.

Mlango wa nje ulipofungwa tu Bibi akaanza kulia, kilio kikavu cha kikohozi. "Ami yangu alikuwa mtu wa nje," akasema. "Huyu ni maziwa yangu." Nilikaa chini kando ya kitanda. Nilitaka kumwambia sikujua, nikamwambia, nikarudia. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

Mshindi hakupatikana. Ikatangazwa kwamba wawili walioongoza watarudiana Ijumaa inayofuata. Nilichangamka kama mwendawazimu. Nikampigia mwalimu simu mwenyewe, akasema atakuja alfajiri kama tunataka. Nikasafisha sinia, nikatia unga. Nikamwambia Bibi, safari hii ni sisi wanawake watatu, hatupiti duka la mtu, dawa naishika mimi, na huyo bwana hatajua hata saa. Tutamfungia nje.

Bibi alikuwa anatazama runinga iliyozimwa.

"Sipigi," akasema.

"Bibi! Toka usichana hujawahi kukosa."

"Ndiyo. Na sasa nakosa. Ijumaa ile nilikuwa na kura moja, wakaipiga watu wawili." Akanyoosha mkono unaotetemeka, akalisukuma sinia pembeni, unga ukamwagika kwenye zulia. "Yeye na wewe."

Nikasema, "Bibi, mimi pia alinidanganya."

"Najua alikudanganya," akasema, bila hasira, na hilo ndilo liliniuma zaidi. "Yeye sikumwamini. Nilikuamini wewe."

Ijumaa ya pili mwana alikuja, amenyoa, ananukia. Bibi alinituma nimwambie amelala. Alikuwa ameketi kitandani macho makavu, mtandio kichwani, na alisikia kila neno nililolisema mlangoni. Mwana akaenda kupiga yake peke yake. Mwalimu alipita na honi zake, akaondoka. Mimi nilikwenda Al Rayyan, sikula, wasichana wakaniuliza nani amekufa.

Bado niko naye. Mkono umezidi, sasa namlisha, hafungi mdomo tena. Haniiti punda. Nikimwambia, "Bibi, nakuletea maji sasa hivi," zamani alikuwa anasema haya, fanya haraka. Siku hizi hasemi kitu. Ananiangalia, anangoja mpaka aione glasi.